Kwaya, daftari na watoto: Mama anapotaka kufanya yote

Ni Alhamisi, saa 3:20 usiku. Mama wa watoto watatu anashuka kwenye bodaboda nyumbani kwake Kimara, jijini Dar es Salaam. Mkononi ana mfuko wenye Biblia, daftari la nyimbo, nyuzi na sindano ya kufumia. Anatoka mazoezi ya kwaya. Anapotoa simu kwenye mkoba anakuta dada wa kazi amempigia mara tisa. Alikuwa ameizima sauti tangu saa 12:30 jioni, kama mwalimu wa kwaya anavyotaka.

Ndani, mtoto wa mwisho mwenye miaka miwili anachemka. Homa ilianza saa 8 mchana. Dada amemkanda kwa kitambaa cha maji, amempa panadoli na kusubiri, kwa sababu hana nauli wala hajui kadi ya bima imewekwa wapi. Baba yuko safarini kikazi. Usiku huo unaishia kwenye benchi la zahanati. Kipimo kinaonyesha malaria, dozi ya siku tatu inaanza, na kufikia Jumapili mtoto anakimbizana na kuku uani.

Kinachobaki ni swali la binti mkubwa wa darasa la nne, aliloliuliza usiku ule ule huku amesimama mlangoni na kanga ya kulalia: "Mama, Jumamosi pia una mazoezi?"

Mama huyu ni wa mfano, lakini wasomaji wengi wa ukurasa huu wanamfahamu. Wengine wanasali naye usharika mmoja, wengine wamemuoa, na wengine wakijitazama kwenye kioo wanamuona. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Anaimba sauti ya kwanza na nyimbo mbili za kwaya yao amezitunga yeye. Anafuma vitambaa vya makochi na masweta ya watoto. Ana daftari ambalo tangu akiwa sekondari anaandika humo sala zake, visa vya mtaani na hadithi anazotamani siku moja zisomwe na watoto. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kibaya. Ndiyo maana ni vigumu kukata.

Hesabu ya saa 168

Wiki ina saa 168, kwa waziri na kwa mama ntilie. Mama huyu akiketi na karatasi atapata picha ifuatayo.

Kulala saa saba kila siku ni saa 49. Kazini, siku tano za saa tisa, ni saa 45. Foleni ya kwenda na kurudi, saa tatu kwa siku, ni 15. Kupika, kufua, kuogesha na kukagua madaftari ya watoto, saa nne kwa siku, ni 28. Mazoezi ya kwaya mara tatu kwa wiki pamoja na njia ni saa tisa. Jumuiya ni mbili. Jumapili, kwaya ikiimba ibada zote mbili, ni saa tano.

Jumla ni saa 153. Zimebaki 15, sawa na saa mbili na dakika chache kwa siku. Humo ndimo zinatakiwa kuingia kikao cha vikoba, msiba wa jirani, sendoff ya mfanyakazi mwenzake, mazungumzo na mume, kufuma, kuandika na sala yake binafsi. Na hapo hakuna mtoto aliyeugua.

Hesabu hii haimwambii mtu aache nini. Inamwonyesha tu kwamba anaposema "nitajitahidi" kuna mahali saa hizo zitatolewa, na mara nyingi zinatolewa kitandani.

Usingizi ndio unaolipa deni

Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima alale saa saba au zaidi kila usiku. Anayelala saa nne au tano kwa wiki kadhaa husahau, hukasirika haraka na hufanya makosa kazini. Kwa muda mrefu, usingizi mchache unahusishwa na shinikizo la damu, kisukari, unene na sonona.

Watoto nao hulipa sehemu yao. Mtoto wa miaka sita hadi 12 anahitaji saa tisa hadi 12 za usingizi. Binti anayemsubiri mama hadi saa 4 usiku, kisha akaamshwa saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule, amelala saa saba. Mwalimu wake atasema hazingatii darasani. Hatajua kwamba mtoto alikuwa akisikilizia mlio wa bodaboda.

Kwa nini asiache tu kufuma na kuandika?

Ushauri wa kwanza ambao mama kama huyu hupewa na ndugu ni kuacha "mambo ya kujifurahisha". Daftari na nyuzi huonekana ni vya mtu mwenye nafasi. Lakini kiafya, hapo si pa kukimbilia kukata.

Mwaka 2019, Ofisi ya Kanda ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ilieleza kuwa shughuli kama kuimba, kuandika, kucheza ngoma na kazi za mikono zina mchango katika kuzuia maradhi, kutunza afya ya akili na kuwasaidia watu wanaoishi na magonjwa.

Kuhusu kuandika, watafiti wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha mwaka 1986 utafiti uliotumia wanafunzi wa chuo. Waliandika dakika 15 kwa siku, kwa siku nne mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walijisikia vibaya mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kutafuta matibabu mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa faida hiyo si kubwa kwa kila mtu na wakati mwingine haionekani. Hata hivyo kuna la kujifunza hapo kwa mzazi: waliandika dakika 15 tu. Hawakuhitaji likizo wala chumba cha kuandikia.

Hofu ya kuambiwa amepoa

Upande wa kanisani, kinachomzuia mama kupunguza mara nyingi ni maneno. Asipoonekana mazoezini wiki mbili, kuna atakayesema amerudi nyuma, amepoa kiroho, au ameanza kujisikia baada ya kupanda cheo. Kwa Mkristo anayeipenda huduma yake, maneno hayo yanauma kuliko uchovu.

Biblia yenyewe inamtetea. Katika Kutoka sura ya 18, Yethro anamkuta mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni. Yethro hakumsifu kwa bidii. Alimwonya kuwa atajichosha yeye na watu wake, akamshauri agawe kazi kwa wengine, na Musa akasikiliza. Katika Marko sura ya 1, baada ya jioni ndefu ya kuponya wagonjwa, Yesu aliondoka alfajiri kwenda kusali mahali pa faragha, na watu walipokuwa wakimtafuta hakurudi palepale walipotaka.

Anayeona kufuma ni mchezo naye ana jibu. Bezaleli, katika Kutoka sura ya 31, anatajwa kuwa amejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi za ufundi. Dorkasi wa Yafa, katika Matendo sura ya 9, alililiwa na wajane waliokuwa wakionyesha nguo alizowashonea. Kazi yake ya mikono ndiyo ilikuwa huduma yake.

Hakimu aliyetunga tenzi

Tanzania pia ina mfano wake. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alikuwa Mkatoliki aliyefanya kazi serikalini na kufikia kuwa hakimu. Akiwa na ajira hiyo aliandika historia na mila za Wagogo, akatunga mashairi mengi, akaugeuza ujumbe wa Injili na Zaburi kuwa tenzi za Kiswahili, na akajulikana kwa ngonjera ambazo wanafunzi wa vizazi vilivyofuata walizikariri jukwaani.

Kwa Mnyampala imani, kazi na kalamu havikuwa vikigombana kila kimoja na siku yake. Alichokiamini ndicho alichokiandika. Mama wa kwaya anayetunga wimbo ameshafanya sala na uandishi kwa pamoja. Anayefumia sweta mtoto wa mjane wa jumuiya yao amefanya huduma na kazi ya mikono kwa saa ile ile. Kwa mwenye saa 15 tu, kuunganisha ni ahueni kubwa.

Afanye nini wiki hii?

Kwanza, mzazi aandike wiki yake yote kwenye karatasi kama ilivyohesabiwa hapo juu, na usingizi uandikwe kabla ya kingine chochote.

Pili, achague huduma moja kanisani kwa msimu na kuitumikia vizuri. Akihitaji kupunguza, amweleze kiongozi mapema na kwa tarehe: "Hadi mwisho wa muhula nitakuja Jumamosi tu." Kiongozi anaweza kupanga akiwa na taarifa hiyo. Kutoweka kimya ndiko kunakozaa maneno. Viongozi wa kwaya nao wajiulize kama mazoezi matatu ni lazima wakati hakuna tamasha wala sikukuu inayokaribia.

Tatu, kuandika kupewe dakika chache zenye mahali pake. Robo saa Jumapili baada ya chakula cha mchana, watoto wakiwa wamelala, inatosha kumaliza ukurasa. Kwenye mwendokasi iliyojaa huwezi kuandika, lakini ukishuka unaweza kuurekodi ubeti kwa sauti kwenye simu kabla haujapotea.

Nne, watoto waingizwe ndani ya shughuli hizo. Mtoto wa darasa la nne anaweza kufundishwa mshono wa kwanza. Sala ya familia ya dakika kumi, ambapo wadogo wanachora kisa kilichosomwa na wakubwa wanaandika sentensi mbili, inampa mama ibada, sanaa na watoto wake kwa pamoja.

Tano, baba achukue zamu. Kama kuna jioni ya mama ya kwaya, kuna chakula na madaftari ya shule ambayo jioni hiyo ni ya baba. Akisafiri, ijulikane nani anashika nafasi yake.

Sita, nyumba iwe na utaratibu wa homa. Mtoto mdogo akipata homa kwenye maeneo yenye malaria anatakiwa kupimwa ndani ya saa 24, asisubiri kukandwa hadi kesho. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kutoamka vizuri, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo. Dada aachiwe nauli, kadi ya bima mahali anapopajua, na namba ya jirani. Kwaya nayo iteue mtu mmoja ambaye simu yake haizimwi sauti, na familia zote ziwe na namba yake.

Uchovu ukizidi maombi na mapumziko

Kuna uchovu unaoisha kwa kulala na kuna usioisha. Mzazi akiwa na huzuni karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, akapoteza hamu ya vitu alivyovipenda, nyuzi zikakaa bila kuguswa, wimbo ukawa mzigo na sala ikawa kavu, hiyo inaweza kuwa sonona. Si uvivu wala upungufu wa imani. Aende kituo cha afya na kueleza kama anavyoeleza maumivu ya tumbo. Akiwa na mawazo ya kujidhuru, asibaki peke yake na asisubiri siku ya kliniki. Mchungaji anaweza kumwombea na daktari akamtibu, na hakuna anayemzuia mwenzake.

Mama wa Kimara alituma ujumbe kwa mwenyekiti wa kwaya Ijumaa asubuhi, akiwa bado amekaa kando ya kitanda cha mtoto. Aliuandika mara tatu akiufuta kabla ya kuutuma. Jibu lilikuja mchana, maneno machache: pole na mgonjwa, tutapanga.

Jioni binti akarudi na swali lake akiwa ameshika bonge la uzi wa bluu. Je, Jumamosi ana mazoezi?

"Jumamosi ninayo," mama akamwambia. "Jumanne na Alhamisi sina. Kaa hapa nikuonyeshe mshono wa kwanza."