Tiba Ndiyo, Ramli Hapana



Jina la Sumbawanga wengi hulifasiri kuwa ni agizo: tupa uchawi. Nchi imeligeuza kuwa mzaha, nasi wa Ufipa tumezoea kucheka pamoja na wanaotucheka. Tume hii haioni la kuchekesha. Mwaka 2013, katika Bonde la Ziwa Rukwa, mtoto mwenye ualbino alikatwa mkono. Biashara ya viungo vya binadamu huishi kwa ahadi kwamba viungo hivyo huleta mali au cheo, na anayetoa ahadi hiyo hujiita mganga.

Serikali imejibu kwa amri. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Januari 2015 wapiga ramli wakapigwa marufuku, na katika miezi michache watu zaidi ya 200 wakakamatwa. Nia ilikuwa njema. Lakini amri iliyobidi itolewe mara mbili katika miaka sita inakiri yenyewe kwamba haikuufikia mzizi.

Hatupingi ushirikiano wa Serikali na waganga. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulikubali kwamba waganga wa jadi wanayo nafasi katika huduma ya afya ya msingi, na Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ili waandikishwe na kusimamiwa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba dawa zitokazo ardhini ni kazi ya Mungu. Basi mzee wa Malangali aujuaye mti wa kutuliza tumbo hatendi dhambi, bali anastahili heshima.

Tunachopinga ni kuweka mpaka mahali pasipo pake. Mpaka wa kweli haupo kati ya mwenye cheti na asiye nacho. Upo kati ya maswali mawili. Mtu wa tiba humwuliza mgonjwa: unaumwa nini? Mpiga ramli humwuliza: nani amekuroga? Swali la kwanza hutafuta dawa. La pili hutafuta adui, na adui hupatikana upesi kwa mjane asiye na wa kumtetea. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walipomwona kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Bwana alilikataa swali hilo, akamponya mtu yule.

Dola nayo iliwahi kuuliza "nani?" Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928, ilimpa mtawala wa wilaya uwezo wa kumwamuru anayeshukiwa uchawi ahamie mahali pengine. Haiwezekani kukataza ramli kwa mkono mmoja na kuishika sheria ya namna hiyo kwa mkono wa pili.

Wapo wasemao: hii ni mila yetu, tuacheni. Tunawajibu: mkono wa mtoto si mila ya Mfipa. Wapo wasemao: wafukuzwe waganga wote. Tunawajibu: ukiwafukuza wote, wanaotibu mchana wataondoka, na wanaofanya kazi usiku watabaki.

Tena tuseme ukweli. Mama aliyetembea tangu alfajiri hadi zahanati, akaambiwa dawa zimekwisha, wala asielezwe hata jina la ugonjwa wa mwanawe, hurudi kijijini na swali lake. Mpiga ramli hakosi jibu.

Kanisa si mtazamaji. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania yalitiliana saini na Serikali makubaliano juu ya huduma za jamii. Hospitali yetu mjini Sumbawanga ina jina la Dkt. Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa, akasomea udaktari Malta, akawatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Wenye urithi wa namna hiyo hatuna ruhusa ya kunyamaza.

Kwa hiyo tunadai:

1. Apigaye ramli asiandikishwe, na akiwa na cheti anyang'anywe. Wanakijiji waulizwe kabla cheti hakijatolewa.

2. Waganga wa mitishamba na zahanati wapelekeane wagonjwa kwa utaratibu unaojulikana, bila dharau.

3. Dawa ziwepo zahanati, na mgonjwa aelezwe ugonjwa wake kwa lugha anayoielewa.

4. Sheria ya mwaka 1928 ipitiwe upya, ili imlinde anayesingiziwa.

Na kwetu waamini: anayepokea Ekaristi asubuhi, jioni akaenda kutajiwa jina la jirani, amelipia silaha. Mgombea aendaye huko usiku kutafuta kura naye asipewe kura mchana. Tuanze katika Jumuiya Ndogondogo zetu: jirani akiugua, tumpeleke zahanati, na yeyote atakayeuliza "nani?" asipate wa kumjibu.