Anga la Agosti ni lako pia, inua macho

Kila Agosti mitandao hujaa video za watu wa Ulaya na Marekani wakihesabu vimondo. Eti ni mwisho wa msimu wa joto, toka nje na blanketi, tazama kaskazini. Wewe uko zako Kayole au Umoja, baridi imekukamata, na ukiangalia juu unaona mawingu tu. Unapitisha kidole kwa simu na kusema hiyo si stori yetu.

Nusu ya hayo ni kweli. Vimondo vya Perseids, ambavyo hufika kilele karibu na Agosti 12 na 13, huonekana kama vinachomoka mbali upande wa kaskazini. Kwetu hapa karibu na ikweta sehemu hiyo ya anga haipandi juu sana, kwa hivyo utahesabu vichache kuliko mtu wa London. Lakini nusu ya pili ni uongo. Huyo wa London hawezi kuona Msalaba wa Kusini akiwa kwao, hata akikesha mwaka mzima. Wewe unaona nyota za kusini na za kaskazini usiku mmoja, bila nauli.

Ngoja mwisho wa Agosti na Septemba, mawingu yakianza kupungua, usiku ambao mwezi haujatoka. Panda juu ya ploti mnapokausha nguo. Weka simu mfukoni kwa dakika 20, kwani macho huchukua muda kuzoea giza.

Saa moja na nusu jioni, tazama kusini ukielekea magharibi kidogo. Msalaba uko chini, karibu kuzama. Saa mbili inua shingo upande huo huo. Yule ni Nge, mkia umejikunja kabisa, na ile nyota nyekundu kifuani ni Antares. Ni kubwa kiasi kwamba ikiwekwa mahali pa jua letu, itameza dunia hii yote.

Saa nne usiku, geuka kaskazini. Kuna nyota zimejipanga kama msalaba mkubwa. Kundi hilo ni Cygnus, na hapo ndipo Kenya ina stori yake. Disemba 12, 1970, Sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina Uhuru. Data yake iliwasaidia wanasayansi kukielewa kitu kilicho ndani ya Cygnus kinachoitwa Cygnus X-1, ambacho kilikuja kuwa cha kwanza kuaminika kuwa shimo jeusi. Ni vijana wangapi mtaani kwenu wanajua hiyo?

Na kama wewe ni wa kuamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu, angalia juu kabla ya kukimbia steji. Kale kashada ka nyota ndogo zilizosongamana ni Kilimia. Jina lenyewe linatokana na kulima. Wahenga walisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Hiyo ilikuwa kalenda yao, na haikuhitaji bando.

Sasa neno langu ni hili. Tunaipoteza kalenda hiyo kwa sababu ya taa. Nyota hazijaenda popote, mwangaza wa jiji ndio umezifunika. Stima zikipotea mtaa mzima ndipo unashtuka kuona anga limejaa.

Najua utaniambia nini: giza ni hatari. Ni kweli. Dada anayetoka kazini saa tatu usiku anahitaji ile mulika mwizi kuliko anavyohitaji Antares, na mimi siwezi kumwambia mtu azime taa ya usalama. Lakini taa inayomulika mawingu haimlindi yeyote. Mwizi hapiti angani. Taa iliyofunikwa juu na kuelekezwa chini humulika njia vizuri zaidi, haikuchomi macho, na haitupi stima bure. Usalama na nyota vinaweza kukaa pamoja.

Kwa hivyo kaunti ikija kuweka taa mtaani kwenu, enda kwa baraza uulize zinaelekea wapi. Mwenye ploti akibadilisha balbu ya geti, mwambie aifunike juu. Ni jambo dogo, na ni rahisi kuliko kumweleza mdogo wako miaka kumi ijayo kwamba Kilimia ni neno la kwenye kamusi tu.