Tahadhari: Usilipie Fildi ya "Uwekezaji"

Wanafunzi wa fedha, uhasibu na uchumi, hasa ninyi wa mwaka wa kwanza na wa pili: mkitakiwa kulipa ili mpate fildi kwenye kampuni ya uwekezaji, msilipe. Kama umeshaingia na sasa unaambiwa uwalete wenzako nao waweke pesa, acha leo. Wazazi nanyi someni, kwa kuwa pesa inayowindwa mara nyingi ni yenu.

Likizo ndefu inapokaribia, nafasi za mafunzo kwa vitendo kwenye mabenki na kwa madalali wa hisa huwa chache, waombaji ni wengi, na barua nyingi hazijibiwi. Wakati huohuo baadhi ya wanafunzi wanasubiri fedha za mafunzo hayo kutoka Bodi ya Mikopo. Matapeli wanayajua yote mawili. Tangazo linaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa: mafunzo ya benki ya uwekezaji, cheti cha kimataifa, nafasi zinakaribia kuisha. Unaitwa semina hotelini. Inadaiwa ada ya usajili, kisha "mtaji wa kujifunzia" wa kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni, halafu unapangiwa idadi ya watu wa kuleta. Ukifika hapo hufundishwi tena chochote. Umekuwa mkusanyaji wa pesa za ndugu na rafiki zako.

Pesa iliyopotea inauma, lakini jina likiharibika ni gumu zaidi kulirudisha. Fani ya uwekezaji inaendeshwa kwa leseni, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, yaani CMSA, hupima uadilifu wa mwombaji pamoja na elimu yake. Biashara ya upatu ya aina hii nayo ni kosa la jinai kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu. Wenye umri mkubwa wanaukumbuka upatu wa DECI uliosimamishwa mwaka 2009: watu waliambiwa wapande mbegu ili wavune. Mipango ya aina hii husambaa kupitia watu wanaoaminiana, na pesa ikikwama, anayegongewa mlango kwanza ni yule aliyewaalika wenzake. Usikubali mtu huyo awe wewe, kabla hata hujamaliza shahada.

Msitulizwe na cheti cha BRELA wala namba ya mlipakodi. Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa; hakiipi ruhusa ya kupokea fedha kutoka kwa umma kwa ajili ya uwekezaji. Madalali wa hisa, washauri wa uwekezaji na mameneja wa mifuko hupewa leseni na CMSA. Mabenki hupewa na Benki Kuu. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha zao, herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda majina yanayofanana na ya kampuni za kweli. Kisha uliza: nani atanisimamia, nitafanya kazi gani wiki ya kwanza, na nani atasaini ripoti yangu ya fildi? Majibu yakizungukazunguka, ondoka. Na ukiambiwa kwamba ng'ambo nako wanafunzi hulipia fildi, jua kwamba benki kubwa za London na New York huwalipa mshahara wanafunzi wanaofanya mafunzo kwao wakati wa likizo.

Tatizo lingine ni kuchagua fildi kwa kufuata jina zuri kama "benki ya uwekezaji", bila kujua kazi yenyewe. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza kwa umma asilimia 25 ya hisa zake, kwa shilingi 850 kila moja, na kukusanya takriban shilingi bilioni 476. Benki ya uwekezaji hufanya kazi za namna hiyo: kukadiria thamani ya kampuni, kuandaa waraka wa matarajio, kutafuta wanunuzi na kuhakikisha sheria inafuatwa. Huwezi kuanza lolote kati ya hayo kama hujui kusoma hesabu za kampuni. Kwa hiyo, katika mwaka wa kwanza au wa pili, ofisi ya wakaguzi wa hesabu inayokupa ankara uzilinganishe na vitabu ni fildi nzuri. Idara ya mikopo ya benki ni fildi nzuri, na hata SACCOS ya wilayani kwenu, ukikaa na mhasibu mpaka hesabu za mwezi zifungwe. Soko la Hisa la Dar es Salaam nalo limekuwa likiwaandalia wanafunzi shindano la uwekezaji, ambamo wananunua na kuuza hisa kwa mtaji wa kubuni. Humo ukikosea, unajifunza bila kupoteza pesa ya mtu.

Uliyekwisha kulipa, usione aibu, na usitume hata shilingi nyingine. Ukiambiwa ulipe ada kwanza ndipo pesa yako ifunguliwe, huo ni utapeli wa pili juu ya ule wa kwanza. Hifadhi ujumbe wote na kumbukumbu za miamala ya simu. Mweleze mratibu wa fildi chuoni, toa taarifa polisi na CMSA, kisha wapigie wote uliowaingiza uwaambie wasitume tena. Nanyi ambao bado hamjafikiwa, pelekeni onyo hili kwenye kundi la darasa lenu leo, kabla tangazo lenyewe halijafika.