Simu ya Mkamuaji wa Alizeti

Tangu janga la corona, wakubwa wakizungumzia viwanda na teknolojia husifu roboti na mitambo inayoendeshwa kutoka mbali. Sina ugomvi nayo. Ila huko Kibakwe na vijiji vingine vya wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma, kiwanda mara nyingi ni banda lenye mashine ya kukamua alizeti, magunia ya mbegu mlangoni, na mashudu yanayosubiri wafugaji. Teknolojia ya kidijitali ya mwenye banda hilo ni simu ya mkononi. Kwa simu anauliza bei ya mbegu, anamlipa fundi, anaagiza kipuri Dodoma mjini kije na basi, na anapokea fedha za mteja. Ugonjwa unapofanya safari na msongamano kuwa hatari, simu hiyo ndiyo inayomwezesha kuendelea kukamua.

Basi swali la sera ni gharama ya kutuma na kutoa fedha. Tarehe 16 Machi 2020, siku Tanzania ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa corona, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuondolewa kwa ada ya kutuma fedha kwa simu hadi shilingi 1,000 za huko. Nafuu hiyo ilidumu mpaka mwisho wa mwaka. Sisi Tanzania, Julai 2021, wimbi la tatu likituandama, tulianzisha tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya ada za kampuni. Wananchi walilalamika, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Serikali ilikuwa na hoja nzito: fedha hizo zilipelekwa kwenye vituo vya afya na madarasa, na mkazi wa Kibakwe anavihitaji vyote viwili. Lakini mkamuaji mdogo hulipa watu wengi kiasi kidogo kidogo, na kila malipo yalikatwa. Aliyekwepa makato alirudia noti mkononi na safari ya basi, yaani kulekule tulikoonywa tusiende. Kwa maoni yangu, tozo ile ilikuja wakati mbaya kabisa.

Wizara ya Fedha na Benki Kuu ya Tanzania ziliandike hili mapema, kabla ya mlipuko mwingine: siku dharura ya afya inapotangazwa, tozo na ada za miamala midogo zisimame siku hiyohiyo, bila kusubiri kikao cha Bunge.