Mikono Katika Somo la Sayansi

Hapana elimu inayosifiwa jukwaani na kudhulumiwa darasani kama sayansi. Viongozi huiita ufunguo wa viwanda, wazazi huiombea dua, na mtoto aliyepata alama nzuri katika somo hilo hutazamwa kama mtu aliyekwisha kuupata udaktari. Walakini mtoto wa miaka kumi na mitatu aingiapo katika somo lenyewe, aghalabu hukuta ubao, chaki na daftari. Huandika kwamba kuchuja ni njia ya kutenganisha kiowevu na chembe ngumu zilizomo ndani yake. Huyarudia maneno hayo mpaka yakamkaa ulimini kama kibwagizo, kisha hupewa alama. Jioni hurejea nyumbani akamkuta mama yake akichuja tui kwa kifumbu, wala hapana mtu aliyepata kumwambia kwamba lililo jikoni na lililo daftarini ni jambo moja. Mama analijua tendo bila ya jina lake la kitabuni. Mtoto analijua jina bila ya tendo. Kati ya wawili hao, aliye karibu zaidi na sayansi ni mama.

Dhuluma hii hupewa jina la upungufu wa vifaa. Jina hilo lina ukweli ndani yake, lakini limetumiwa kuficha ukweli mwingine ulio mkubwa zaidi. Ugonjwa wa somo la sayansi katika madarasa ya kati, yaani kwa watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, ni hofu ya swali. Mwalimu afundishaye kwa chaki peke yake hujua mwisho wa somo kabla hajalianza. Mwalimu awaachaye watoto wapime, wamimine, wakate na wahesabu hajui watakuta nini. Yamkini watakuta jambo ambalo kitabu hakikulitaja, na mbele ya jambo hilo mwalimu na mwanafunzi husimama sawa. Usawa huo ndio uogopwao.

Afrika ya Mashariki haina haja ya kutafuta mfano wa mbali. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeitwa Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa haba. Mwenzake aliweka maziwa yake bila ya kuyachemsha; Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu alikuta maziwa yake yamekwisha kuganda, na ya mwenzake bado.

Alimwendea mwalimu kuuliza sababu. Aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Alipopanda hadi shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea darasani, jina lake lilitajwa kwa dhihaka. Na iangaliwe vema dhihaka hiyo. Haikutoka katika shule maskini yenye ubao mmoja. Ilitoka katika shule iliyokuwa na maabara na jokofu. Vifaa havikupungua hapo. Kilichopungua ni utayari wa mtu mzima kusema, "Haya, na tutazame."

Mpemba aliingia mwenyewe katika maabara, akatia maji ya moto katika chombo kimoja na maji ya baridi katika kingine, akatazama. Baadaye Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliitembelea shule hiyo. Kijana aliuliza swali lake mbele ya wenzake, nao wakacheka. Osborne aliahidi kwamba atalijaribu jambo hilo, akalijaribu, na mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha habari zake katika jarida la Physics Education. Humo Osborne asimulia kwamba fundi wa maabara, alipoona maji ya moto yametangulia kuganda, aliahidi kuendelea kurudia mpaka lipatikane jibu lililo sahihi. Waswahili wana jina la kazi ya namna hiyo: kupika matokeo. Mtu ameshika kipimajoto mkononi, na bado hakiamini mpaka kikubaliane na alichokariri shuleni.

Wataalamu hawajapatana juu ya jambo lenyewe hata leo. Mwaka 2016 wachunguzi wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walitangaza kwamba vipimo vyao havikuwapa ushahidi wa maana wa kuwa maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Wako watakaoifurahia habari hiyo na kusema, "Kumbe mwalimu alikuwa na haki." La, hakuwa na haki, hata kama alikuwa na jibu. Burridge na Linden walilijibu swali la Mpemba kwa vipimo. Mwalimu alilijibu kwa kicheko. Jibu la vipimo ni sayansi hata likimkanusha mtoto. Kicheko si sayansi hata kikisadifu ukweli.

Sasa na ije hoja ya vifaa, maana wanaoitoa si wote wavivu. Mwezi wa Januari 2023 nchi ya Kenya ilianza kupokea watoto wa Gredi ya 7 katika sekondari msingi, ambayo huendelea hadi Gredi ya 9. Wamewekewa somo liitwalo Sayansi Jumuishi, lipasalo kufundishwa kwa vitendo. Madarasa yao yakawekwa katika shule za msingi, na shule hizo nyingi hazikupata kujengewa maabara tangu msingi wa kwanza. Kuagiza somo la vitendo bila ya kulijengea mahali pake ni kumtuma mkulima shamba bila ya jembe. Asidi, hadubini na taa ya kuchemshia haviundwi kwa makopo matupu. Mtawala anayemsifu mwalimu kwa ubunifu ili asimnunulie vifaa, sifa yake ni hila, na yapasa aambiwe hivyo waziwazi.

Lakini haifuati kwamba mpaka siku maabara itakapojengwa watoto waketi wakinakili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, shule nyingi za Ulaya na Asia zilikuwa magofu. Mwaka 1948 shirika la UNESCO lilitoa kitabu cha mashauri kwa walimu wa sayansi wa nchi zilizobomolewa, cha kuwafundisha kuunda mizani, taa na vipimo kwa vitu vilivyopatikana karibu nao. Mwaka 1956 kitabu hicho kilikuzwa kikawa hazina ya majaribio kwa walimu wa dunia nzima. Katika miaka ya 1960 ukaja mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, na Kenya, Tanzania na Uganda zikashiriki. Mwanafunzi alipewa wadudu, mchanga, nyaya na vibuyu, akaachwa achunguze. Eleanor Duckworth, aliyeupima mpango huo nchini Kenya, hakuwauliza watoto tafsiri za maneno. Aliwatia katika chumba chenye vitu mbalimbali akatazama watafanya nini. Waliofundishwa kwa mikono yao walikuwa na mawazo mengi zaidi ya kutenda, na kazi yao ilikuwa na mapana zaidi. Hayo si mambo mapya, basi. Yamejulikana kwa zaidi ya nusu karne, yakasahauliwa, na kila kizazi huyapokea tena kama habari ngeni kutoka ng'ambo.

Na yatajwe majaribio mawili yasiyogharimu hata senti. La kwanza ni jiwe na uzi. Jiwe lifungwe katika uzi wa mita 1, lining'inizwe na kusukumwa kidogo. Watoto waulizwe kwanza: likifungwa jiwe zito zaidi, litapembea upesi au polepole? Wengi watasema upesi, na watashikilia neno lao kwa nguvu. Kisha wahesabu. Mapembeo 20 ya kwenda na kurudi huchukua kadiri ya sekunde 40, jiwe liwe jepesi au zito. Sasa waambiwe waupunguze muda huo kuwa nusu. Wataukata uzi nusu, nao utawakatalia. Watajaribu tena na tena mpaka wafike sentimita 25, ambayo ni robo. Hakuna hotuba iwezayo kumfundisha mtoto unyenyekevu mbele ya ukweli kama jiwe hilo, kwa kuwa halikumdhihaki wala halikumpendelea.

La pili ni fimbo iliyosimikwa wima uwanjani. Kitabu kilichotungwa Ulaya kitasema kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Mtoto wa Dar es Salaam akikipima mwezi wa Desemba, atakuta kitabu kimesema kweli. Akikipima mwezi wa Juni, atakuta kivuli kimeelekea kusini. Hapo kitabu kilichochapishwa kwa herufi nzuri kimepingwa na fimbo, na shahidi ni mtoto mwenyewe. Mwalimu afanye nini? Akisema, "Andika kama kitabu kilivyosema," amemuua mwanasayansi kwa sentensi moja. Akisema, "Basi jua liko wapi mwezi wa Juni?" amefundisha katika dakika moja jambo ambalo sura nzima ya kitabu haikulifikia.

Yapasa pia kujihadhari na vitendo vya uongo. Kuna masomo yaitwayo ya vitendo ambamo mwalimu husimama mbele akachanganya vimiminika viwili, na watoto themanini hutazama visogo vya wenzao. Huo ni mchezo wa kuigiza. Kuna masomo mengine ambamo mtoto hushika kweli chombo, lakini kila hatua imeandikwa na jibu limekwisha kutajwa. Akipata jibu jingine hulifuta upesi akanakili la jirani. Mkono umetumika hapo, lakini umetumika kama mkono wa kibarua. Somo la vitendo bila ya swali ni kazi ya sulubu, na heri chaki kuliko hilo, kwa kuwa chaki haijidai.

Wenye mitihani wana sehemu yao ya lawama. Tanzania ilipata kuwa na karatasi ya mtihani iliyoitwa mbadala wa vitendo, ambamo mwanafunzi aliyekosa maabara alieleza kwa kalamu majaribio ambayo huenda hakuyafanya maishani. Iliwekwa kwa huruma, ili shule maskini zisihukumiwe kwa umaskini wao. Lakini huruma hiyo iliwafundisha watoto kushuhudia mambo wasiyoyaona. Mahakamani mtu afanyaye hivyo hufungwa. Katika chumba cha mtihani alipewa alama. Na pale mtihani unapodai vitendo vya kweli, hutokea shule kungoja miezi ya mwisho, zikawazoeza watahiniwa jaribio moja au mawili mpaka jibu lijulikane kwa moyo.

Halafu kuna lugha. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali huijifunza sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza huikuta kwa Kiingereza. Aliyezoea kuuliza "kwa nini" huona sasa lazima aulize kwa maneno asiyoyamudu. Hunyamaza, na ukimya wake huandikwa kuwa nidhamu. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mrefu, nao hautakwisha kesho. Lakini jiwe na uzi havina lugha. Watoto wanaobishana juu ya jiwe watabishana kwa lugha waliyo nayo, na mwalimu mwenye busara atawaacha wabishane kwanza, kisha awape neno la kigeni pale wanapolihitaji. Neno lijalo baada ya jambo hukaa. Neno litanguliapo jambo huelea.

Wizara zinazotaka sayansi zitoe fedha za maabara, na zisitoe sifa badala ya fedha. Watunga mitihani waweke alama kwa swali zuri, na kwa mtoto aliyeandika kwa uaminifu matokeo yanayopingana na kitabu. Mwalimu naye, ambaye hangoji barua ya wizara ili aokote jiwe, atenge kipindi kimoja kila wiki kwa jambo asilolijua mwisho wake. Siku ya kwanza atakapoulizwa swali lisilo na jibu kichwani mwake, maneno mawili yatamtosha: "Sijui. Tupime." Laiti maneno hayo yangetamkwa Magamba mwaka 1963, kijana mmoja asingalingoja miaka kadhaa, katikati ya vicheko, mpaka mgeni aje kumsikiliza. Na wako wengine waliouliza mara moja tu, wakachekwa, wasiulize tena. Majina yao hayakuandikwa katika jarida lolote.