Kalenda ya Wadakota na Ardhi Iliyoibeba

Aghalabu vitabu vya shule huwaeleza watu waliohama kwa majira kwa sentensi moja tu: kwamba walizurura huku na huko wakitafuta chakula. Kwa Wadakota wa Amerika ya Kaskazini maelezo hayo si sahihi. Mwendo wao ulikuwa na ratiba, na ratiba hiyo ilijengwa juu ya elimu.

Nchi yao ya asili ni pamoja na eneo liitwalo leo Minnesota, jina litokanalo na lugha ya Kidakota. Barafu kuu iliyolifunika eneo hilo iliyeyuka miaka ipatayo 10,000 iliyopita, ikaacha maelfu ya maziwa. Mahali mto Minnesota unapokutana na Mississippi huitwa Bdote, na Wadakota wengi hupahesabu kuwa ndiyo chimbuko lao.

Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, usiku ungali wa baridi kali na mchana una joto kidogo, walikwenda kwenye misitu ya miti iitwayo mepuli. Tofauti hiyo ya halijoto ndiyo inayousukuma utomvu ndani ya shina. Lita 40 hivi za utomvu, zikichemshwa, hutoa lita moja ya asali ya mti. Kiangazi walikaa vijijini katika nyumba za magome, wakipanda mahindi. Kiangazi kilipokwisha, wanawake waliingia maziwani kwa mitumbwi kuvuna mpunga wa mwitu: waliinamisha mabua na kuyapiga kwa fimbo, na punje zilizoanguka majini zikawa mbegu ya mwaka uliofuata. Kisha ulifuata msimu wa kuwinda kulungu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mazoea tu, wala si sayansi. Lakini mpunga huo huota katika maji yenye kina kidogo, na maji yakipanda ghafla mmea ungali mchanga, hung'oka. Punje zake haziivi zote kwa siku moja. Mvunaji alilazimika kujua ziwa lipi liko tayari, na arudi lini. Maarifa ya namna hiyo hupatikana kwa kutazama, kulinganisha na kusahihisha makosa kwa vizazi vingi; na aliyekosea alilipa kwa njaa.

Udhaifu wa elimu hiyo ulikuwa mmoja: haikuweza kutenganishwa na mahali pake. Kwa mikataba ya mwaka 1851 Wadakota walitoa zaidi ya ekari milioni 20, wakabakiwa na ukanda mwembamba kandokando ya mto Minnesota. Mwaka 1858 wakapoteza nusu ya ukanda huo iliyo kaskazini ya mto. Waliofungiwa humo hawakuweza tena kuifuata kalenda yao, wakawa wategemezi wa malipo ya Serikali ya Marekani. Malipo yalipochelewa mwaka 1862, kulikuwa na njaa, na vita vikazuka mwezi wa Agosti. Tarehe 26 Desemba mwaka huo wanaume 38 walinyongwa mjini Mankato. Mwaka 1863 sheria iliwafukuza Wadakota kutoka Minnesota, na wengi wakapelekwa Crow Creek, penye nyanda kavu kando ya mto Missouri.

Hata hivyo Wadakota hawakutoweka. Jumuiya zao nne zinatambuliwa rasmi katika Minnesota, na mwaka 2023 Bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuirudishia mojawapo ardhi iliyokuwa hifadhi ya Serikali, ambamo baadhi ya wahenga wao walizikwa.

Yafaa basi mwalimu afundishaye habari za Wadakota aanze na kalenda yao kabla ya kufika kwenye vita. Mwanafunzi asiyejua utomvu ulitiririka lini, na mpunga uliiva wapi, ataiona mikataba ile kuwa ni biashara ya viwanja tu. Anayejua atatambua kwamba watu walinyang'anywa chakula chao pamoja na elimu ya kukipata.