Korongo wa Ruma na Orodha ya Ulimwengu

Mwalimu mmoja wa shule ya upili aliniletea hivi majuzi insha ya mwanafunzi wake, akitaka niamue ugomvi uliozuka baina yao. Kijana alikuwa ameandika kwamba korongo ni mnyama aliye hatarini. Mwalimu akamkata alama, kwa kuwa katika Orodha Nyekundu ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, mnyama huyo amewekwa katika daraja la wasiotiliwa wasiwasi. Mimi ni mtu wa lugha, si wa wanyama. Hata hivyo, nilimsihi mwalimu amrudishie kijana alama zake.

Simkusudii korongo ndege, wala korongo lile la mmomonyoko. Nakusudia swala mkubwa mwenye masikio marefu na pembe zilizopinda kuelekea nyuma, ambaye humu nchini amebaki katika Mbuga ya Wanyama ya Ruma, Kaunti ya Homa Bay, basi. Sensa ya kitaifa ya mwaka 2021 iliwahesabu 15. Wajukuu wa mjomba wangu ni wengi kuliko hao.

Mwalimu hakusoma vibaya. Kuanzia Afrika Magharibi hadi Zambia, korongo wangali maelfu kwa maelfu, na hukumu ya ulimwengu ni ya haki kwa ulimwengu. Kosa ni kuihamishia Kenya jinsi ilivyo. IUCN yenyewe ina mwongozo wa kuwatathmini wanyama wa nchi au eneo moja. Vipimo ni vile vile: kwa mfano, wanyama waliofikia umri wa kuzaa wakiwa chini ya 50, huingia katika daraja la juu kabisa la hatari. Kisha huulizwa swali la pili: je, wapo wenzao ng'ambo ya mpaka wanaoweza kuja kuongeza idadi? Wakiwapo, daraja laweza kuteremshwa. Ruma imezungukwa na mashamba na makazi ya watu. Hakuna korongo jirani atakayebisha hodi.

Tembo naye ni kinyume chake. Mwaka 2021 tembo wa nyika alitangazwa kuwa hatarini ulimwenguni, ilhali sensa ya mwaka huo huo ilihesabu tembo 36,280 nchini Kenya, kutoka takriban 16,000 mwaka 1989. Sisemi tumwache, ujangili wa miaka ya sabini na themanini ulimpunguza mno, na pengo hilo halijazibika. Ila anayewataja tembo na korongo kwa pumzi moja, akisema wote "wako hatarini," hajamwambia msomaji lolote.

Na hapa ndipo taaluma yangu inaponidai neno. Magazeti yetu, na vitabu vya shule pia, yana kauli moja tu, "walio katika hatari ya kuangamia," ambayo hubebeshwa kila mnyama. Wanasayansi wana madaraja matatu ya hatari, nasi twayamwaga yote katika chungu kimoja. Napendekeza tuazime hospitalini. Mnyama wa daraja la juu kabisa tumwite mahututi, kama hirola, ambao walikuwa 497 nchini katika sensa hiyo. Wa daraja la pili abaki na neno hatarini. Wa tatu tuseme hali yake ni tete. Maneno haya hayahitaji kamusi mpya. Mwanafunzi wa darasa la sita anayajua. Tena kila mara tutaje mahali: mahututi nchini Kenya, au mahututi ulimwenguni. Bila mahali, palahala wa Shimba Hills, waliohesabiwa 51 pamoja na ndama wao, wataonekana wazima wa afya kwa sababu tu wenzao wa Tanzania na kusini zaidi ni wengi.

Mwalimu alikubali kuzirudisha alama, ingawa kwa shingo upande. Alipokuwa akiondoka aliniuliza: korongo wa Ruma wakiisha, daraja lao litaitwaje? Nikamjibu kwamba mwongozo umekwisha kuliandaa: waliotoweka katika eneo. Katika orodha ya ulimwengu, yamkini haitabadilika hata nukta.